Tyubu Tuliyowaficha Wageni

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba kule ng'ambo, kwenye makao makuu ya kampuni yetu, kuna ukuta mrefu kuliko Jogoo Road, na kwenye ukuta huo kila mfanyakazi duniani ana taa yake. Ukituma wazo, taa yako inawaka. Wakubwa waliokuwa wakinywa chai wanaweka vikombe chini, mmoja anasimama, anasoma jina lako kwa sauti, na wenzake wanapiga makofi.

Habari hii nilipewa na mzee wa stoo, na mzee wa stoo, kwa maelezo yake mwenyewe, aliipata kwa mtu aliyewahi kupangusa vumbi kwenye taa zenyewe. Aliniambia kuna dereva mmoja wa forklifti huko Brazili ambaye taa yake iliwaka mara nyingi kwa wiki moja mpaka balbu ikapasuka, na mwenye kampuni akampigia simu kumwomba radhi. Sikuuliza swali hata moja. Mimi, mtu mwenye diploma, niliyoipata kwa miaka minne ya masomo ya jioni, macho yakifumbika upande mmoja na kalamu ikiandika upande mwingine, niliimeza balbu ya Brazili nzimanzima.

Mlango wa kwenda kwenye ukuta huo, kwa upande wetu, ulikuwa tableti moja iliyofungwa karibu na kantini, ndani ya fremu ya plastiki ya kijani. Juu yake kulikuwa na bango: Wazo Lako Ni Kesho Yetu. Unaandika wazo, unabonyeza, kioo kinachora jani dogo na kukuambia asante, wazo lako limepokelewa. Nilikuwa nikichana nywele kabla ya kubonyeza. Usicheke. Ukijua kwamba mabwana wakubwa wanasimama kwa ajili yako, hata wewe utachana.

Kiwanda chetu kiko eneo la viwanda la Nairobi, na kazi yake ni kutia sabuni ya unga kwenye pakiti ndogo, zile zinazoning'inia kama shanga kwenye kila kioski kuanzia Makongeni hadi mtaa wa Tena ninakoishi. Mimi ni karani wa shifti. Mashine ngapi zimefanya kazi, pakiti ngapi zimetoka, ngapi zimetupwa, yote naandika. Kampuni yenyewe ina matawi kila mahali palipo na nguo chafu, yaani dunia nzima.

Sasa nije kwa mtu aliyenifanya niandike haya. Alikuwa mama mmoja aliyesimamia mashine ya tatu. Mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, mwembamba kama ufagio, lakini sauti yake ikiamua kukufikia, mashine kumi haziizuii. Aliishi Makongeni na alikuja kazini kwa miguu. Kwa miaka tisa alikuwa amesimama mbele ya mashine ile kwa mkataba wa miezi sita. Ukiisha, unaongezwa mwingine wa miezi sita. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa katika mkataba mmoja, akaota meno katika mwingine, akajifunza kusoma katika wa kumi na kitu, na mama bado alikuwa mfanyakazi wa muda. Alichotaka ni kimoja, na alikisema wazi: aandikwe fundi wa mashine, kazi ya kudumu, kwa sababu ufundi huo alikuwa akiufanya tayari. Alipojua nasoma jioni, akaacha kuniita jina langu. Nikawa Profesa.

Mashine ya tatu ilitoka ng'ambo ikiwa na maringo yote. Ilikuwa na mdomo wa chuma wa kumwaga sabuni, na chini ya mdomo kulikuwa na taya mbili za moto za kubana na kufunga pakiti. Huko ilikotengenezwa, sabuni inateremka kama mchanga mkavu. Hapa kwetu, mvua ya masika ikianza, hewa inalowa, unga unapeperuka na kukaa kwenye taya kama masizi kwenye sufuria. Taya zikishika uchafu, pakiti hazifungi. Unatundika pakiti dukani, asubuhi mwenye kioski anakuta sabuni sakafuni na paka anapiga chafya. Tulikuwa tukitupa pakiti nyingi kiasi kwamba mfereji wa nyuma ya kiwanda ulikuwa mfereji msafi kuliko yote Nairobi.

Wahandisi walikuja. Walipima, walipiga picha, walipendekeza tujenge chumba cha kukausha hewa chenye gharama ya kununua mtaa. Wakaondoka.

Masika moja mama alikuja kazini na kipande cha tyubu ya pikipiki. Alikuwa amekiomba kwa fundi wa pikipiki jirani yake, akakiosha, akakikata urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi kidole. Akakivisha mdomo wa mashine kama soksi, akakifunga juu kwa kamba ya mpira, kikaning'inia hadi ndani ya pakiti. Sabuni ikawa inapita ndani ya soksi, haipeperuki tena, taya zikabaki safi. Nilimuuliza amesomea wapi. Akasema kijijini kwao, kwenye kinu cha kusaga mahindi. Mdomo wa kinu huwa unavishwa mfuko mrefu wa kitambaa, unga uingie kwenye gunia badala ya kuingia puani mwa watu. Alibeba mahindi kwenda kwenye kinu hicho tangu akiwa na umri wa miaka saba. Wahandisi wote wale hawakuwahi kubeba mahindi.

Siku hiyo niliandika daftarini kwamba mashine ya tatu imetupa pakiti chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Mashine zote nne zikavishwa tyubu. Fundi wa pikipiki wa Makongeni akawa anatuletea vipande vilivyooshwa, vinanukia limau.

Na hapa ndipo tulipokosea, kosa la watu wa kwetu kabisa.

Ukiishi Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, unajua jinsi nyumba inavyopokea mgeni. Hodi ikisikika mlangoni, beseni linaingia chini ya kitanda. Ndala zilizokatika zinapigwa teke nyuma ya pazia. Kikombe chenye mkono kinatoka kabatini, na mtoto mwenye suruali iliyotoboka anatumwa dukani kununua kitu ambacho hakihitajiki. Mgeni anakaa kwenye nyumba isiyo na watu wala maisha, anakunywa chai, anasifu, anaenda. Kisha beseni linatoka.

Basi wageni wa makao makuu walipokuwa wakija, tulifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyetuamrisha mara ya kwanza. Mama mwenyewe ndiye aliyevua tyubu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni, kwa sababu angeona haya wazungu waone raba ya pikipiki kwenye mashine yao nzuri. Mara ya pili meneja alishajua, akatukumbusha. Mara ya tatu akatutumia ujumbe kwenye kundi la simu usiku wa kuamkia: wageni kesho, ile kitu isionekane. Kanuni za kampuni zilikataza kuongeza chochote kwenye mashine bila idhini, na meneja wetu alikuwa mtu wa kuogopa kanuni kuliko kuogopa radi.

Uchafu unahitaji zaidi ya saa nzima kujijenga kwenye taya. Wageni walikuwa wakisimama mbele ya mashine dakika arubaini, kisha wanapelekwa kula nyama choma. Kwa hiyo hawakuwahi kuona ugonjwa, wala hawakuwahi kuona dawa. Walichoona ni mashine nzima isiyo na tatizo, na wafanyakazi wanaotabasamu kama wamelipwa kwa kila jino.

Wakati huo makao makuu walikuwa wametuletea mfumo wao mpya. Vijiboksi vyeusi vilibandikwa kwenye kila mashine, vinahesabu pakiti na kupeleka habari hewani hadi kwenye kompyuta za ng'ambo. Tuliambiwa mfumo unajifunza, unaitambua mashine kama mama anavyomtambua mtoto. Tyubu ilikuwa na miezi mitano kwenye mashine siku mfumo ulipowashwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza mfumo ulichokiona Nairobi kilikuwa mashine zisizotupa pakiti. Na wenye mfumo, badala ya kuuliza, wakasema: tazameni, mfumo umefanya kazi.

Meneja wetu alialikwa kwenda kuzungumza ng'ambo kuhusu maajabu ya mfumo huo katika tawi la Afrika. Alirudi na kikombe cha kioo chenye umbo la tone la maji, akakiweka dirishani. Nilikiona kila nilipopeleka ripoti. Nilitamani jua likipige, lipite humo kama kwenye lenzi, lichome mapazia.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa diploma yangu, na somo lilikuwa hilo hilo: jinsi kampuni za kimataifa zinavyosimamia ubunifu na teknolojia. Mhadhiri alikuwa na slaidi yenye mshale mnene unaotoka makao makuu kwenda matawini. Hakukuwa na mshale wa kurudi, hata mwembamba, hata wa nukta nukta. Kwenye mtihani tuliulizwa tutoe mfano wa uvumbuzi ndani ya kampuni ya kimataifa. Nikaandika kurasa tatu juu ya tyubu. Nakiri kwenye ukurasa wa pili nilisema imeokoa sabuni ya kutosha kufua nguo za Afrika Mashariki hadi Yesu arudi, lakini mengine yote yalikuwa kweli tupu. Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu: toa mfano halisi.

Nilimwonyesha mama karatasi ile wakati wa chakula. Aliisoma polepole, mkono mmoja umeshika chapati.

"Profesa," akasema, "kwa hivyo mimi si halisi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ndipo nilipoamua kwamba ukuta wa taa utasema ukweli. Nilikwenda kwenye ile tableti nikaandika kila kitu: nani, lini, tyubu gani, imefungwaje. Sikutia chumvi, nashangaa hadi leo. Nikabonyeza. Jani likachorwa. Nikangoja. Mwezi ukapita, nikatuma tena na mchoro. Mzee wa stoo akanifariji. Alisema, "Mwanangu, huenda taa yako imewaka mchana, na mchana taa haionekani vizuri." Nikaona ni hoja. Nikatuma mara ya tatu jioni, kwa saa za ng'ambo. Mara ya nne niliandika kwa herufi kubwa.

Jibu lililokuja halikutoka kwenye tableti. Lilikuja ndani ya bahasha.

Barua ilisema kwamba kwa sababu mfumo mpya sasa unasimamia ubora wa ufungaji wenyewe, nafasi za wahudumu wa mashine hazitahitajika, na mikataba inayoisha haitaongezwa. Wa kwanza kuisha ulikuwa wa mama. Alikuwa na wiki tatu. Hebu elewa jambo hili kama nilivyolielewa mimi nikiwa nimesimama pale mlangoni mwa kantini: mwanamke ameponya mashine, sifa za kuiponya kimepewa kiboksi cheusi, na sasa kiboksi kinamfukuza kazi kwa kazi aliyoifanya yeye. Nimekasirika mara nyingi maishani. Nimekasirikia maji kukatika, nimekasirikia timu yangu. Hasira ile ilikuwa ya aina nyingine. Ningeweza kuitumia kuchemshia githeri ya mahindi makavu.

Mama alikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko ule ule wa aproni anamofichia tyubu wageni wakija. Akarudi kwenye mashine. Sikumsikia akiimba siku hiyo wala siku iliyofuata.

Wiki hiyo hiyo tukaambiwa kuna mgeni. Matawi mengine yalikuwa yamenunua mfumo kwa sababu ya sifa za Nairobi, wameubandika kila mahali, na pakiti zao bado zinamwaga sabuni kama gunia lililotobolewa na panya. Walikuwa wamelalamika. Kwa hiyo makao makuu yanamtuma mhandisi aje ajifunze Nairobi tumefanya nini zaidi.

Maandalizi yalikuwa ya harusi. Sakafu ilipigwa deki mpaka ukaona meno yako. Tulipewa overoli mpya zenye mikunjo ya dukani. Mimi nilichaguliwa kusoma takwimu, na kwa wiki nzima nilifanya mazoezi ya Kiingereza bafuni kwa sauti ya juu, mpaka majirani wa ploti wakaanza kunijibu kupitia ukutani.

Asubuhi ya siku yenyewe meneja alipita mashine hadi mashine. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa zimeshavuliwa tyubu. Ya tatu ilikuwa bado imevaa.

"Mama, hiyo kitu itoke," akasema. "Mgeni ako getini."

"Leo haitoki."

Meneja alidhani amesikia vibaya kwa sababu ya mashine. Akasogea. Akamweleza kwa upole wa mtu anayebeba mayai kwamba kanuni ni kanuni, na mgeni akiona raba hiyo wanaweza kufungiwa laini nzima ya mashine.

"Mimi nishafungiwa," mama akasema. "Barua ulisaini wewe ama ni kiboksi kilisaini?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, na daftari kifuani. Ningesema neno. Sikusema. Mtu hujua ujasiri wake ni wa ukubwa gani siku kama hiyo, na wangu ulikuwa wa ukubwa wa daftari. Meneja alinyoosha mkono kuivua tyubu mwenyewe, mama akasimama kati yake na mashine, mikono ameikunja, na hapo ndipo mlango ukafunguliwa na mgeni akaingia.

Sote tulikuwa tumejiandaa kwa mzungu mrefu. Aliyeingia alikuwa dada Mtanzania wa miaka thelathini na kitu, kilemba kichwani chini ya kofia ya plastiki, viatu vya kazi vilivyochakaa. Alimpita meneja na mkono wake ulionyooshwa, akamfikia aliyekuwa mkubwa kwa umri pale mbele.

"Shikamoo mama."

Nairobi hatuamkiani hivyo. Mama alikaa sekunde nzima, karibu aseme amina, kisha akakumbuka.

"Marahaba, binti yangu."

Kiingereza changu cha wiki nzima kikafa palepale.

Mhandisi aliona tyubu kabla ya kuona kitu kingine. Akauliza ni nini. Meneja akaanza kusema kwamba ni jaribio dogo la timu, linaendelea, ripoti iko njiani. Mama akamwacha amalize, kisha akasema, "Timu ni mimi na fundi wa pikipiki wa Makongeni."

Mhandisi akauliza inafanya nini. Mama akamwambia njia rahisi ya kujua ni kuitoa na kungoja. Akaivua mwenyewe, akaitundika begani kama taulo. Dakika arubaini zikapita, pakiti zinatoka safi, na meneja akaanza kuitaja nyama choma. Mhandisi akavuta kreti tupu, akakaa. Akasema amekula kwenye ndege. Saa ikapita. Mama alikuwa amesimama, macho kwenye taya. Najua alichokuwa akikifikiria kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria: vipi kama leo, kwa ukaidi tu, mashine ikaamua kufanya kazi vizuri?

Haikuamua. Pakiti ya kwanza ilifunguka upande mmoja kama mdomo wa mtu anayetaka kupiga miayo. Kisha ya pili. Kisha zikaja kwa foleni, zote zimeachama, na sabuni ikaanza kushuka kwenye mkanda, ikapanda hewani, ikatua kwenye overoli yangu mpya na kwenye nyusi za meneja. Kiboksi cheusi kiliendelea kuwaka kijani.

"Sasa huo mfumo wenu," mama akasema, "uko wapi?"

Akafuta taya, akavisha tyubu, akafunga kamba. Pakiti zikafunga.

Mhandisi alicheka kidogo. Alituuliza kwa nini hatukuonyesha kitu hiki siku zote hizo, na kila mmoja wetu akatazama sakafu iliyopigwa deki. Mama ndiye aliyemwambia kwamba ni aibu tu, mgeni haonyeshwi beseni. Kisha akatoa barua mfukoni, akaikunjua mara nne, akampa. Mhandisi aliisoma mara mbili. Akasema barua hii inaweza kurudi ilikotoka, lakini kule ng'ambo neno lake peke yake halitatosha. Walikuwa wameshauza mfumo kwa nchi nzima nzima kwa sifa za Nairobi, na hakuna atakayependa kusikia kwamba sifa ni za tyubu. Alihitaji maandishi yenye tarehe, ya kuonyesha kwamba tyubu ilitangulia mfumo.

Hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, nilipata sauti. Nilimwambia maandishi yapo, nimetuma mara nne, na ya mwisho ina herufi kubwa.

Niseme mapema mambo yalivyokwisha, maana najua unamhofia mama. Tarehe zilipatikana, lakini zilipatikana kwenye daftari langu la shifti, ambako nilikuwa nikiandika kila siku pembeni, kwa penseli, imevaa au haikuvaa, tangu masika yale. Mhandisi alipiga picha kurasa zote akiwa amepiga magoti sakafuni. Barua ya mama ilifutwa siku mbili kabla ya mkataba kuisha. Baada ya miezi kadhaa ya barua kwenda na kurudi, aliandikwa fundi wa mashine, kazi ya kudumu, jina lake kamili. Anaimba tena, na siku hizi anaimba sauti ya kwanza.

Lakini usidhani nimetulia. Tyubu ilisafiri ng'ambo, ikarudi ikiwa imevaa suti: ya silikoni, rangi ya buluu, ndani ya sanduku lenye kijitabu kwa lugha kumi na moja, na Kiswahili hakimo. Ililetwa pamoja na mkufunzi wa kutufundisha kuivisha. Mama aliketi mstari wa mbele, akafundishwa. Mkufunzi alimsifu kwamba anashika haraka. Nilitoka nje kupumua. Kijitabu kile nimekisoma chote, mpaka anwani ya kiwanda cha karatasi, na hakuna mahali palipoandikwa Makongeni, wala kinu, wala pikipiki. Meneja bado ana kikombe chake cha kioo. Jua halijakipiga vizuri.

Na kwa nini tarehe hazikupatikana kwenye tableti, ndilo jambo nililobakiza, kwa sababu ndilo linaloniuma kwa namna ya peke yake.

Nilimpeleka mhandisi kantini nikitembea mbele kama mtu anayeonyesha shamba lake. Njiani nilimweleza kila kitu. Nilimwambia pengine yeye mwenyewe alikuwepo taa yangu ilipowaka. Nikamuuliza ukuta ule una urefu gani hasa, na kama kweli wakubwa huweka vikombe chini, na kama yule wa Brazili bado yuko kazini. Hakucheka. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekaa kituoni akingoja basi ambalo njia yake ilifutwa. Akabonyeza kioo, jani likachorwa, asante ikatokea. Kisha akaipenyeza mikono nyuma ya fremu ya kijani, akapapasa juu, akapapasa chini, akakuta waya wa umeme peke yake, akaitoa mikono ikiwa na vumbi tu.

"Kaka yangu," akasema, "hakuna ukuta, na hakuna taa. Hiki kiliwekwa siku ya kupiga picha za ripoti ya mwaka, mimi ndiye niliyeandikiwa kwamba kitaunganishwa baadaye. Hakijaunganishwa na kompyuta yoyote, wala hakihifadhi unachoandika. Kutoka Nairobi hatujawahi kupokea wazo hata moja."